Tairi la Nne la Selika

Kila asubuhi, kabla sijawasha kompyuta ya duka langu la steshenari pale Kalangalala, dada Hosiana hunipitishia kahawa dirishani. Anagonga fremu kwa kijiko, natoa mkono, napokea kikombe, ananitazama mpaka ninywe funda la kwanza, kisha anarudi kwenye jiko lake la mkaa. Wateja wake wanakuwa wameshajaa kwenye benchi, na redio ndogo juu ya kigoda inasoma habari ambazo hakuna anayezisikiliza mpaka mwisho.

Jumatano ile kijiko kilikuwa kimeshagonga na mkono wangu umeshatoka nje, ndipo kitu kikalipuka.

Kahawa iliniruka hadi kwenye kiwiko. Benchi likapinduka. Sauti ikapiga yowe, "Baruti! Laleni!" na wanaume wazima wakajitupa chini kifudifudi, mikono kichwani, kama wanavyofanya kwenye mashimo ya dhahabu.

"Nani amelipua bila kupiga filimbi?" aliuliza Karasha, mdomo ukiwa karibu na mchanga. "Nauliza! Nani amelipua bila filimbi?"

Vumbi lilipotulia, Spidi akatokea nyuma ya ukuta wa fundi cherehani, ameshika pampu ya mguu, nyusi zimekuwa nyeupe.

"Samahani," alisema polepole. "Ni tairi."

Jina lake ni Maduhu. Ana duara kule Rwamgasa, yaani shimo la dhahabu pamoja na wachimbaji wake, na mwaka lilipotema dhahabu vizuri alijinunulia Selika nyekundu ya zamani, gari la mbio la milango miwili, lenye taa zinazofumba na kufumbua kama macho ya mtu. Ni gari la haraka kuliko yote Kalangalala, ila limeegeshwa kwenye ukuta wa fundi cherehani tangu matairi yake yalipoisha. Na Maduhu mwenyewe ni mtu mzito wa kusema. Ukimuuliza swali, unaweza kwenda kununua vocha na kurudi, ukamkuta anajiandaa kukujibu. Ndiyo maana benchi lilimwita Spidi.

Redio ilikuwa imeanguka pamoja na kigoda, lakini haikunyamaza. Kutoka chini ikatangaza kwamba askari wa barabarani wataanza kukagua matairi, na gari lenye tairi kipara halitavuka kizuizi.

"Umesikia, Spidi?" Dasalama aliinuka akijipangusa magoti. "Serikali imesikia mlipuko wako, ikatoa tamko hapo hapo."

Huyu Dasalama anaitwa Donatus, mkata tiketi za mabasi pale stendi. Aliwahi kuishi Dar es Salaam msimu mmoja wa mvua, na tangu arudi hajawahi kumaliza sentensi bila jiji hilo kupita humo.

"Kwanza tuelezwe," alisema Karasha. Yeye ni Nkwabi, mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Amezoea kuongea juu ya ngurumo yake, kwa hiyo hata akisema siri inasikika ng'ambo ya barabara. "Gari limelala hapo mpaka kuku wanatagia chini yake. Leo asubuhi asubuhi unalijaza upepo. Unakwenda wapi, kaka?"

Spidi aliitazama pampu, akalitazama gari, akavitazama viatu vyake.

"Jumamosi," alisema, "nampeleka Hosiana Buseresere."

Benchi lote likamgeukia dada Hosiana. Alikuwa ameinama akiokota vikombe.

"Ndiyo," alisema bila kuinuka. "Dada yangu Eufrasia amefungua mgahawa pale senta, barabara ya Biharamulo. Umemzidi nguvu, ananiita. Nahama."

"Unahama na kahawa?" Karasha aliuliza.

"Niiache na nani? Na wewe?"

"Na kashata?"

"Na kashata zinahama."

Mzee Jilala, ambaye muda wote alikuwa chini akingoja mtu amnyanyue, akamlilia mama yake kwa kilugha, "Mayo wee!" Nilitoka dukani nikamshika mkono. Mzee huyu aliwaachia wanawe ng'ombe kule kijijini, akahamia kwenye benchi la Hosiana. Benchi linamwita Katambuga, kwa sababu hajawahi kuvaa kiatu chochote ila ndala za kukata kwenye tairi, na anaamini kiatu kingine chochote ni ulaghai.

"Shikamoo, babu. Umeumia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sijaumia. Nimesikitika tu."

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu pale anajua. Spidi anampenda dada Hosiana. Anampenda tangu enzi za Rwamgasa, dada alipokuwa akiwapikia wachimbaji kwenye duara lake. Dada alipohamia mjini kuuza kahawa, Spidi naye akaona duara linaweza kusimamiwa kwa simu. Anakuja wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na katika muda wote huo hajawahi kumwambia lolote zaidi ya "Asante" na "Leo kuna joto." Sasa mwanamke anahama, na yeye, kwa upendo wake wote, anamtafutia matairi ya kumwondolea mjini.

"Haya," Dasalama alisema, akiketi. "Tuangalie mgonjwa."

Wote wakazunguka Selika. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika kama embe lililodondoka. Mengine matatu yalikuwa yamepasuka nyufa ubavuni na kung'aa juu kama vichwa vya wazee. Karasha alipangusa vumbi kwenye tairi moja kwa kidole akasoma tarakimu zinazoonyesha lilitengenezwa lini.

"Tairi hili," alisema, "lingekuwa mtoto lingekuwa limemaliza shule."

"Hayo yote ni ya kutupa," Dasalama alisema. "Sasa sikilizeni. Gari kama hili, kule Dar es Salaam, hulifungii tairi la kijijini. Unalifungia tairi pana, la ubavu mfupi. Loprofaili! Gari linalala chini. Likipita, watu wanasema huyu ni nani."

"Likipita wapi?" Karasha alinguruma. "Likifika tuta la kwanza, tumbo linabaki, paa ndilo linakwenda Buseresere. Mwenye gari anahitaji tairi la meno! La matope! Tairi ukilitazama unaogopa!"

"Njia yote lami mpaka Buseresere."

"Lami mpaka mlangoni kwa Eufrasia? Lami mpaka jikoni? Mvua ikinyesha je?"

"Mvua ya mwezi gani wewe?"

"Mvua inakuombaga ruhusa?"

"Karasha, hili ni gari la mbio. Unalifungia tairi la trekta, linakwenda wapi?"

"Linakwenda na kurudi! La kwako linakwenda tu!"

Mzee Jilala alikuwa amechuchumaa akibonyeza mabaki ya tairi kwa kidole gumba.

"Ninyi mnaangalia tairi likiwa hai," alisema. "Mimi naliangalia likishakufa. Tairi jema ni lile ambalo likiisha barabarani linaanza maisha mguuni. Hili la Spidi ni jembamba, halitoi hata pea moja ya maana. Chukua tairi la gari la mizigo, lenye nyuzi nyingi. Ndala zake utazikwa nazo."

"Mzee, tunachagua tairi la kusafiria," Dasalama alisema.

"Na mimi nimefikaje hapa? Nimeruka?" Mzee alinyanyua mguu akamwonyesha soli.

"Tumuulize msomi," Karasha aligeukia dirishani kwangu. "Noela, umesoma chuo. Tafuta kwenye mtandao, tairi gani?"

Nilitafuta. Ilikuwa rahisi, kila mahali paliandikwa jambo moja.

"Wanasema yote manne yafanane," nilisema.

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ambayo mama yangu huiita sauti ya kubembeleza vifaranga. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wameshafika kwenye suala la kama mtu anaweza kufunga tairi la meno mbele na la ubavu mfupi nyuma ili gari lipande milima lenyewe.

Spidi alisimama katikati yao akiitikia kila mmoja kwa kichwa. "Kweli," alimwambia Karasha. "Kweli," alimwambia Dasalama. "Kweli kabisa," alimwambia mzee.

Baadaye dada Hosiana akaenda kuchota maji, na Spidi akamfuata kumbebea ndoo, umbali wa kutosha ili ionekane kama wanakwenda njia moja kwa bahati tu. Karasha akaja haraka dirishani kwangu, akawaita wenzake, na akanong'ona. Kunong'ona kwa Karasha ni kuongea kwa mtu mwingine.

"Wajumbe. Mmeiona hatari? Gari likipata matairi, kahawa inaondoka."

"Nimeiona," Dasalama alisema.

"Kwa hiyo tusikubaliane."

"Mimi na wewe tuliwahi kukubaliana lini?"

"Wiki hii tusikubaliane kwa makusudi. Yule ndugu yetu hawezi kununua tairi bila kumridhisha kila mtu, moyo wake haumruhusu. Tukibishana mpaka Jumapili, gari halitoki. Eufrasia atapata mpishi mwingine hukohuko Buseresere."

"Kwa nini msimwambie tu kijana amwambie yule binti?" Mzee Jilala aliuliza. "Mimi nilipomtaka mke wangu nilipeleka ng'ombe. Hakuna mtu aliyeangalia ng'ombe akasema hakuelewa."

"Mzee, hayo ni mambo ya ndani ya watu," Karasha alisema kwa heshima. "Sisi ni watu wa matairi."

Basi wakabishana. Walibishana Jumatano hiyo mpaka mkaa ukaisha, wakaja Alhamisi na mabishano mapya waliyoyaandaa nyumbani. Dasalama alidai tairi la meno linakula mafuta kuliko basi la abiria. Karasha akaleta ushahidi wa binamu yake Maswa aliyefunga tairi la ubavu mfupi, na sasa ana mgongo wa kupinda. Dasalama akasema binamu huyo alizaliwa na mgongo ule, amemwona. Karasha akasema, "Ulimwona wapi, Maswa umefika lini?" Dasalama akasema alimwona Dar es Salaam.

"Na rangi je?" Karasha akaongeza kuni. "Hatujaongea habari ya rangi ya tairi!"

"Tairi lina rangi ngapi?"

"Ndiyo tujadili!"

Ikaja hoja ya mtumba au jipya. Waliokuwa wanataka jipya asubuhi walitaka mtumba mchana. Mimi nilikuwa natoa kopi za vyeti vya watu huku nacheka peke yangu, nikimwona Spidi akigeuza shingo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Dada Hosiana aliendelea na kazi yake. Alimimina kahawa, akaosha vikombe. Ila niliona mara mbili anamtazama Spidi kama mtu anayesubiri chungu kichemke na moto hauwaki.

Jioni, Spidi akasimama. Benchi likaweka vikombe chini, kwa sababu yeye kusimama si kitu cha kila siku.

"Nimewasikia," alisema. "Wote mna haki. Nitafanya mgao."

Kule kwenye maduara, mawe yakitoka hayabebwi na mtu mmoja. Yanajazwa kwenye mifuko, na mifuko inagawanywa hapo hapo mdomoni pa shimo: mwenye duara, mwenye eneo, wachimbaji, mpaka anayewapikia. Hakuna anayeondoka mikono mitupu. Spidi ameishi hivyo maisha yake yote, ndiyo maana hana adui. Sasa aliitumia hekima hiyo hiyo kwenye gari.

"Karasha, tairi moja lako. La meno. Dasalama, moja lako. La ubavu mfupi. Mzee wangu, moja lako. La mizigo. Na la nne..." Akageuka kwenye jiko, halafu akarudisha macho haraka kwenye kikombe chake. "La nne ni la mpishi."

Karasha na Dasalama wakatazamana. Mpango wao wa kutokubaliana ulikuwa umekubaliwa wote.

"Mimi sijui matairi," dada Hosiana alisema.

"Chagua lolote," Spidi alisema.

"Nitafikiri."

Ijumaa mchana matairi matatu yakaja, yote ya rimu moja, na hicho ndicho kitu pekee yalichofanana. Mbele kushoto likafungwa la Karasha, refu, lenye meno kama msumeno wa kupasulia mbao. Lilikuwa linagusa bodi, na Karasha akapendekeza bodi ikatwe. Mbele kulia likafungwa la Dasalama, jembamba ubavuni mpaka ukadhani gari limekanyaga sahani. Nyuma kushoto likakaa la Mzee Jilala, gumu na zito, na mzee akazunguka akilipima kwa kiganja chake, akihesabu miguu ya wajukuu. Nyuma kulia hapakuwa na kitu. Pale palikuwa na jeki, na chini ya jeki jiwe.

Selika likasimama limeinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza majirani ukutani.

Bodaboda mmoja akasimama kabisa, akavua kofia.

"Wazee, hilo ni gari la aina gani?"

"La ushirika," Dasalama alimjibu. "Pita."

Alasiri benchi lilipopungua, dada Hosiana alikuja dirishani kwangu bila kikombe. Alisimama akichezea fundo la kanga.

"Noela."

"Abee, dada."

"Mtu akikuhangaikia usafiri wa kuondoka, maana yake anataka uondoke. Si ndiyo?"

"Sio kila mara, dada."

"Mimi nilisubiri, mdogo wangu. Nilisubiri Rwamgasa, nimesubiri hapa. Eufrasia aliponipigia simu, nikatangaza kwa Spidi wa kwanza kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikamwambia, nahama Jumamosi. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alifikiri weee. Nikasema leo leo. Halafu akasema, 'Nitakupeleka.'" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Sasa nimekodi kirikuu ya Enock, ile pikapu yake ndogo, kwa ajili ya vyombo. Gari lake likiwa tayari, nitapanda lake. Lisipokuwa tayari, nitakaa mbele na Enock. Kwenda nakwenda."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilimshika mkono tu, akaniachia kidogo, kisha akaenda kuzima jiko.

Jumamosi asubuhi hakuna kijiko kilichogonga fremu yangu. Kirikuu ilikuwa imesimama pale jiko linapokaaga, injini inatikisika, na Enock akipanga masufuria, magodoro, mabirika, kabati la vyombo. Mimi nilimbebea beseni la vikombe. Benchi lilikuwa limejaa, wote mikono mitupu, hawajui pa kuiweka.

"Mwangaluka," Mzee Jilala alisalimia, kwa sauti ya msibani.

"Mzee, usisalimie hivyo, mtu hajafa," Karasha alisema. Kisha akapenga kamasi.

Spidi alikuwa amesimama kando ya Selika tangu asubuhi sana. Alikuwa ameliosha. Alikuwa amepaka dawa ya kung'arisha kwenye matairi yote matatu, na kwenye jeki.

"Bosi," Dasalama alimwita dada Hosiana, "muda bado upo. Kule duka la matairi wamefungua. Sema tu unataka la namna gani, nakimbia mwenyewe. Ila fikiri sana. Ukifikiri mpaka Jumatatu hatutakulaumu."

"Mpaka mwezi ujao," Karasha alisema.

Enock akapiga honi. "Dada, jua linapanda! Mimi nina mzigo mwingine mchana!"

Dada Hosiana alimpungia mkono angoje. Alikwenda kwenye Selika. Akalipita tairi la Karasha, akalipita la Dasalama, akazunguka nyuma akalipita la mzee, mpaka akafika pale palipo na jeki na jiwe. Akasimama.

"Maduhu."

Pale kijiweni sijawahi kusikia mtu akimwita jina hilo.

"Naam."

"Nikichagua tairi sasa hivi, linafungwa, tunaondoka?"

"Tunaondoka."

"Nisipochagua?"

Spidi akafikiri. Karasha akakanyaga mguu wa Dasalama. Dasalama akavumilia.

"Gari linabaki," Spidi alisema.

"Gari linabaki. Na mimi nakwenda na Enock."

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Bosi," Karasha akashindwa kujizuia, "kuna tairi moja zuri sana nimeliona, lina meno mpaka ubavuni—"

"Nkwabi," alisema Mzee Jilala, "nyamaza."

Spidi aliangalia jiwe chini ya jeki. Akainua macho mpaka kwenye fundo la kanga la dada Hosiana, na hapo yakakwama, hayakuweza kupanda zaidi. Midomo yake ikacheza. Akasema kitu.

Mimi nilikuwa karibu na beseni langu, nikasikia. Na dada Hosiana alisikia, kwa sababu niliona vidole vyake vinaacha kucheza na lile fundo.

"Amesema nini?" Dasalama aliuliza.

"Sijasikia," dada Hosiana alisema, na alisema uongo ule mchana kweupe, akimtazama Spidi usoni. "Hii kirikuu ina kelele. Enock, zima gari."

"Dada, nikizima kuwaka kwake ni kwa kusukuma—"

"Zima."

Enock akazima. Tukasikia cherehani ya fundi ikisimama pia.

"Haya, Maduhu. Sema tena. Sema kwa sauti. Hawa wote wana matairi yao hapo, wana haki ya kusikia."

Spidi alishika mlango wa Selika kana kwamba ardhi imeinama, na pale aliposimama ilikuwa imeinama kidogo, kwa sababu ya jeki. Akavuta pumzi. Na mtu yule ambaye nimemjua kwa kunong'ona "Leo kuna joto" akapaza sauti hata Karasha akarudi nyuma hatua moja.

"Usichague! Usichague tairi, Hosiana! Mimi sikutaka matairi, sikutaka safari! Nilitaka tukae wawili garini nikuambie, nikakosa njia nyingine ila kukupeleka! Ile kahawa ya tangawizi unayonipa kila siku siipendi, inaniunguza tumbo, nainywa kwa sababu unaileta wewe! Usiende Buseresere! Tangu Rwamgasa nataka kukuoa, na tangu Rwamgasa naogopa!"

"Enock," dada Hosiana alisema, macho bado kwa Maduhu, "shusha vyombo."